Wimbo wa Banda la Vanishi

Msomaji, wiki iliyopita tulimwacha Lottie Pinnock kifudifudi juu ya bawa la ndege, brashi bado imo mkononi. Shoga yake Effie Sturgess alimgeuza, akamfunua kope, akapiga ukelele. Jicho lilikuwa la manjano kama kiini cha yai. Na papo hapo, huko nje, honi ya motokaa ya mkaguzi wa serikali ikalia getini.

Leo hatuna muda wa kupoteza. Wao pia hawakuwa nao.

"Funga mdomo," Maud alimwambia Effie.

Maud Pinnock ndiye aliyekuwa nyapara wa banda la vanishi. Humo wanawake arobaini walishinda wakipaka mabawa ya kitani ile vanishi yenye harufu tamu ya matunda yaliyoanza kuoza, mpaka kitambaa kikaze kama ngozi ya ngoma. Bila vanishi ndege haziruki. Na bila ndege, waliambiwa kila asubuhi, Mjerumani atakunywa chai London kabla ya Krismasi.

Maud alikuwa pia wifi yake Lottie. Na kuna kosa moja ambalo hakuwahi kumsamehe: kuolewa na Wilf, mdogo wake wa pekee, aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao afariki.

"Bi Maud, hapumui vizuri," Effie alisema. "Tumwite daktari."

"Daktari akija banda linafungwa. Likifungwa, wewe na wanao watatu mtakula nini? Mshike miguu."

Effie hakusogea.

"Una mume wa kukulisha, wewe? Mshike miguu!"

Mume wa Effie alikuwa chini ya udongo wa Ufaransa, au juu yake, hakuna aliyejua. Effie akashika miguu.

Wakambeba Lottie mbio mpaka stoo ya vitambaa iliyokuwa mwisho wa banda. Kichwa chake kilining'inia. Kiatu kimoja kilichomoka, Maud akakipiga teke kikaingia ndani mbele yao.

Mlangoni Effie akashindwa kujizuia. Akatoboa siri aliyoapa kuitunza.

"Ana mimba, Bi Maud. Miezi minne. Mhurumie, jamani, hiyo ni damu yenu!"

Maud akasimama.

"Wilf anajua?"

"Bado. Alitaka amwambie kwa mdomo wake siku akija likizo kutoka vitani."

"Vizuri," alisema Maud.

Maskini Effie! Alidhani neno hilo ni la huruma.

Walimlaza Lottie katikati ya majora ya kitani, wakamfunika mpaka kidevuni. Maud akafunga mlango na kusukuma komeo kwa nje.

"Madirisha!" akabweka. "Fungueni yote! Kila mtu ashike brashi!"

Madirisha yale hayakuwa yamefunguliwa tangu baridi ianze, kwa sababu hewa ya baridi huiharibu vanishi, ikatoa ukungu mweupe. Leo yalifunguka kwa kelele. Wanawake wakaivuta hewa kama watu walioibuka kutoka majini.

"Mwenzenu akifa," alisema Peg Hatchard, jitu la mwanamke ambaye hakuna siku aliyokosa la kusema, "mimi naomba kofia yake. Hii yangu imetoboka."

Wakacheka. Msiwahukumu haraka. Vanishi ile ilikuwa inalevya, na mlevi hucheka hata msibani.

Mkaguzi akaingia.

Aliitwa Bi Tremlett. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye glavu za kijivu na macho yasiyopepesa.

"Hamjambo. Mnajisikiaje humu ndani?"

"Vizuri, Bibi," walijibu kwa pamoja.

"Vichwa haviumi?"

"Haviumi, Bibi."

"Hakuna anayetapika?"

"Tunatapika tukiwakumbuka waume zetu," alisema Peg, na banda zima likaangua kicheko.

Bi Tremlett hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya bawa lililopakwa nusu. Vanishi ilikuwa mbichi. Mpakaji hayupo.

"Wa hapa yuko wapi?"

Effie, aliyekuwa kwenye bawa la pili, aliinamia ndoo yake.

"Ni pangu, Bibi," Maud alijitokeza akitabasamu. "Wasichana wakizidiwa na kazi nawasaidia."

"Hongera. Basi endelea. Nataka kuona inavyofanywa."

Maud akashika brashi. Mwaka mzima hakuigusa. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na mlango, penye hewa, na kutukana. Akapaka mpako wa kwanza, vanishi ikachuruzika. Akapaka wa pili. Mvuke ukampanda usoni, machozi yakamlenga, jasho likamtoka juu ya mdomo. Mkaguzi alisimama tu, mikono nyuma.

Ndipo wakasikia.

Ngo. Ngo.

Mkaguzi akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Mabomba, Bibi. Ni ya zamani."

Ngo. Ngo. Ngo. Na safari hii, nyuma ya mlio huo, sauti nyembamba kama ya mtoto aliyeamka gizani:

"Effie…"

Walioisikia ni wale wa karibu na stoo tu. Lakini Maud aliisikia. Aligeuka akamtazama Effie. Aliangalia tu.

"Effie! Effie, nifungulie!"

Effie Sturgess akafumba macho, akafungua mdomo, akaimba.

Ulikuwa ule wimbo wa askari wakienda kupanda meli, ambao kila mtu mjini aliujua. Alianza peke yake. Peg akaudaka. Wa tatu akaudaka, wa kumi, wa ishirini. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, wanawake wote walikuwa wanaimba kwa vifua vyao vyote, wakigonga ndoo kwa mipini ya brashi, na kila Lottie alipozidisha kugonga, nao walizidisha kuimba.

Walijua wanafunika nini. Nani asijue? Mmoja wao, karibu kabisa na mlango wa stoo, alikuwa analia huku anaimba, na hakukosea hata neno moja.

"Wanaimba vizuri," Bi Tremlett alimwambia Maud sikioni.

"Kazi bila wimbo haiendi, Bibi!"

"Naam. Nimeona ya kutosha."

Akatoka. Meneja alikuwa amemwandalia chai na keki ofisini. Motokaa ilibaki inamsubiri uani.

Wimbo ukafa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Fungeni madirisha," alisema Maud, akijifuta jasho. "Vanishi inaharibika."

* * *

Komeo lilipovutwa, Lottie karibu awaangukie miguuni. Alikuwa ameketi ameegemea mlango. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechunika. Kitani kizuri cha jeshi la mfalme kilikuwa kimetapikiwa.

Hakumtazama Maud. Alimtazama Effie.

"Una sauti nzuri, shoga yangu," alisema. "Miaka yote hiyo sikujua."

"Lottie, nisikilize. Watoto…"

"Nilikuita wewe. Sikumwita hata mama yangu. Nilikuita wewe."

"Matanga baadaye," Maud alimkata. "Vaa koti lako. Unatokea mlango wa nyuma sasa hivi, mkaguzi hajamaliza chai. Na nisikuone hapa tena."

"Wifi, nipeleke hospitali. Naona giza."

"Hospitali watauliza unafanya kazi wapi. Nenda kwenu ukalale."

"Wifi, nimebeba mtoto wa Wilf."

"Najua."

Lottie akageuza kichwa polepole, akamtazama Effie mara ya pili. Effie angeshukuru kama angetukanwa.

Wakamwinua, mmoja huku, mmoja huku. Katika ujia wa kuelekea nyuma, Maud aliongea juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba ni gunia.

"Kesho unahamia chumba cha kushona, Effie. Madirisha makubwa, hewa safi, sindano na uzi tu. Hutagusa vanishi tena maisha yako. Ila leo uwe nami mpaka mwisho. Umenisikia?"

"Nimesikia, Bi Maud."

"Subirini hapa. Nitazame kama kuna mtu kichochoroni."

Maud akafungua mlango wa nyuma. Akatoka. Na moyo wake ukapasuka.

Mtu alikuwapo. Amevaa sare ya jeshi, mfuko begani, kifurushi cha karatasi mkononi, meno yote nje.

"Dada! Umeniharibia! Nilitaka nimshtue mke wangu akitoka kazini."

Alikuwa Wilf.

Wengine tungepoteza akili hapo. Maud, msomaji, aliufunga mlango nyuma yake kwa kisigino, na alipofungua mdomo alikuwa tayari anajua atakachosema.

"Wilf, mdogo wangu. Afadhali umekuja. Lottie alipata mimba."

Wilf akarusha kofia juu. Akamkumbatia dada yake akamzungusha. Akacheka, akauliza ni lini, akauliza kama ni wa kiume, kana kwamba kuna ajuaye. Maud akamwacha afurahi. Alimwacha afurahi mpaka akatosheka. Kisha akasema:

"Nimesema alipata. Hakuitaka. Amemeza vidonge, vile wanavyouziana wanawake vichochoroni."

"Unasema uongo."

"Nimekulea mimi. Lini nilikudanganya? Mtazame macho akitoka. Sumu imempanda mpaka machoni."

Mlango ukafunguka. Lottie alikuwa ameisikia sauti aliyoiota miezi yote, amejitoa mikononi mwa Effie, amejikokota kwa kushika ukuta.

"Wilf!"

Alikuwa anatabasamu. Jua lilimpiga usoni, na macho yale yakawaka manjano.

Wilf akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu, lakini Lottie aliiona, na tabasamu likamwanguka.

"Ni vanishi, Wilf. Ni kazi ya humu. Nakuapia!"

"Wanawake arobaini wanapaka vanishi," alisema Maud kwa upole. "Mbona wenzako hawana macho hayo? Wilf, usiniamini mimi. Muulize Effie. Hawa wawili hawafichani."

Wilf akageuka.

"Effie. Wewe ndiye uliyemsimamia siku ya harusi yetu. Nakuomba, niambie ukweli."

Effie alitazama chini. Nyuma yake kulikuwa na banda. Mbele yake kulikuwa na chumba chenye madirisha makubwa, na watoto watatu wanaosubiri kula.

"Alivimeza," alisema. "Nilimwona."

Wilf hakumpiga mkewe. Ingekuwa afadhali. Aliinama, akaweka kile kifurushi chini taratibu kama mtu anayeweka maua kaburini. Akaokota kofia yake. Akaondoka.

"Wilf! Wilf, mume wangu, ngoja!"

Hakugeuka. Lottie akamfuata. Nguvu alizitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Alishika ukuta wa kiwanda, akakimbia, akaanguka, akasimama, akakata kona kuelekea barabara kubwa, nywele zimefumka, mguu mmoja hauna kiatu.

"Mshike!" Maud alifoka. "Effie, mshike asifike getini!"

Wote wawili wakakimbia. Walichelewa.

Geti kubwa lilikuwa wazi. Motokaa ya serikali ilikuwa inatoka. Dereva alipiga breki mpaka magurudumu yakapiga kelele, na Lottie Pinnock akaanguka mbele yake kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Bi Tremlett aliruka nje kabla dereva hajashuka. Alipiga magoti kwenye tope kwa sketi yake nzuri. Alivua glavu. Akamfunua Lottie kope, kama Effie alivyofanya asubuhi ileile, ila yeye hakupiga ukelele.

"Huyu ana aproni ya banda la vanishi," alisema. "Lakini bandani sikumwona. Alikuwa wapi?"

Watu wakaanza kujaa. Mlinzi wa geti, wauza magazeti, polisi mmoja aliyekuwa anapita. Ng'ambo ya barabara Wilf alikuwa amesimama, amegeuka nusu, hawezi kuja wala kwenda.

"Nani anamjua mwanamke huyu?" mkaguzi aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Si wifi yake. Si shoga yake. Si mumewe.

Lottie akafumbua macho. Mkono mmoja ulikuwa umelishika tumbo.

"Nani amekufanya hivi, binti? Huna haja ya kusema. Nionyeshe tu."

Mkono wa pili ukainuka. Kidole kikanyooka. Kilimpita Maud, na Maud akawa mweupe kama chaki. Kikamtafuta Wilf ng'ambo ya barabara, kikampita. Kikarudi.

Kikasimama kwa Effie.

Wakati huo huo Maud akasogea pembeni, mbali na Effie, kama mtu anayekwepa moto.

"Nilikuwa namshuku huyu siku nyingi, Bibi," alisema.

Effie alimtazama Maud. Akakitazama kidole. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumsubiri aongee, na sasa barabara nzima ilikuwa inamsubiri.

"Njoo hapa," alisema mkaguzi. "Nieleze kilichotokea. Usimwogope mtu."

"Bibi," Effie alisema, "nikikueleza, nani atawalisha watoto wangu?"

Bi Tremlett akamtazama mgonjwa kwenye tope. Alikuwa mama mwema, alikuwa na serikali nzima nyuma yake, na swali hilo hakuwa na jibu lake.

Ndipo Maud akaongea, kwa sauti laini ambayo wanawake wa banda hawakuwahi kuisikia.

"Usiogope, Effie mdogo wangu. Wanao ni wanangu. Hawatalala njaa. Wewe sema tu kama ulivyomwambia Wilf."

Effie akajifuta mikono kwenye aproni. Akajifuta tena.

"Alimeza vidonge, Bibi," alisema. "Vya kutolea mimba. Nilimwona kwa macho yangu."

Mkono wa Lottie ukaanguka kwenye tope.

Ng'ambo ya barabara Wilf akajifunika uso. Umati ukaguna. Mwanamke mmoja, ambaye hakumjua Lottie kwa jina wala kwa sura, alitema mate chini. Polisi akakohoa, akasogea karibu, maana kwa jambo kama hilo sheria ilikuwa na jela yake.

Bi Tremlett alisimama polepole. Alivaa glavu ya kwanza. Alivaa ya pili.

"Kama ni hivyo," alisema kwa uchovu, "hili si jambo la kiwanda. Ni la polisi. Mpelekeni hospitali, afande, kisha ufanye kazi yako."

Maud alishusha pumzi. Akafunga kifungo cha koti lake kilichokuwa kimefunguka. Akamshika Effie mkono, kwa nguvu kuliko upendo, na kuanza kumvuta kurudi ndani. Yamekwisha.

Mkaguzi akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya motokaa.

Mlango wa banda ukabamizwa. Mwanamke akatoka mbio uani, kofia imemtoka, anapiga mayowe tangu mbali, na alipofika getini hakuona polisi, hakuona motokaa, hakumwona mkaguzi. Alimwona Maud tu.

"Bi Maud! Bi Maud, njoo! Peg ameanguka! Peg, jamani! Tumemfunua macho, yako kama ya Lottie!"

Bi Tremlett akashusha mguu wake kutoka kwenye ngazi. Alikuja moja kwa moja, akampita Maud kana kwamba hayupo, akasimama uso kwa uso na Effie Sturgess.

"Na huyo," aliuliza, "naye ulimwona akimeza vidonge?"